Chenga kwenye picha za kupamba: usiiogope ISO

SWALI: Salaam dada. Nimeanza kupiga picha za harusi hapa Mombasa, upande wa wanawake. Juzi nilipiga kupamba usiku, ukumbi wa Tudor, taa hafifu. Niliweka ISO (namba ya kamera ya kukuza mwangaza wa picha) 800 kwa kuwa nimeambiwa ikizidi hapo picha inaharibika. Zilitoka na kiza. Nilipoziangaza kwa kompyuta, mabuibui yakajaa chenga (vidoadoa) za rangi. Nikazisafisha kwa programu hadi mwisho, na sasa uso wa bibi harusi umekuwa kama nta na piko imefifia. Nifanyeje? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Mdogo wangu, aliyekushauri hivyo amekuponza. Kinacholeta chenga hasa ni uhaba wa mwanga, si ile namba ya ISO. Ulipobaki kwenye 800 picha ikatoka na kiza, kisha ukakiinua kiza hicho kwa kompyuta, uliziinua na chenga pamoja nacho. Mara nyingi picha iliyopigwa kwa 6400 ikiwa na mwangaza wake kamili hushinda ya 800 iliyookolewa baadaye.

Tazama mvua inapoanza kudondoka uani. Kigae hiki kina matone matano, cha jirani mawili, ilhali mvua ni moja. Ikishika kweli, tofauti hiyo huioni tena. Mwanga nao huja kwa matone, na kila pikseli ni kigae. Mwanga ukiongezeka mara 4, chenga hupungua nusu zikilinganishwa na picha yenyewe. Ndiyo maana buibui jeusi huwa la kwanza kuharibika: linarudisha mwanga kidogo mno.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kamera mpya, tafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ukitoka f/5.6 kwenda f/1.8 unapata mwanga karibu mara 10. Eneo linalotoka kali litakuwa jembamba, basi lenga jicho lililo karibu nawe. Bibi harusi aliyetulia, shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/125 ya sekunde yatosha. Wanaocheza chakacha wape 1/250, na ISO iache ipande. Chenga zinatibika, picha iliyotikisika haitibiki. Wenyewe wakiruhusu fleshi na dari ikiwa nyeupe, ielekeze juu, usimmulike mtu usoni.

Na upige RAW, yaani faili ghafi. JPEG, ile faili ya kawaida, imekwisha kusafishwa na kamera yenyewe, na kilichofutwa hukirudishi.

Sasa hizo ulizonazo. Kama umebaki na RAW, anza upya. Chenga ni za aina mbili. Zile za rangi, vidoa vyekundu na kijani juu ya buibui, ziondoe bila huruma, kwa sababu jicho la mtu halishiki sana undani wa rangi. Za mwangaza, zile zinazofanana na mchanga, ziguse kidogo tu: mimi huanzia 20 katika 100, na ni nadra kupita 40. Pazia, ukuta na mabuibui yapake brashi yenye nguvu zaidi. Kope, nyuzi za dhahabu na mikono uiache na mchanga wake. Kunoa, yaani kuongeza ukali wa mistari, kuje mwisho, na kusiguse sehemu tupu, la sivyo unazinoa chenga zenyewe.

Mikono naisisitiza kwa sababu yalinifika. Nilisafisha albamu nzima kwa kipimo kimoja, ikapendeza kwenye skrini. Mama wa bibi harusi alipoifungua, akaweka kidole juu ya picha ya mkono na kuuliza, “Ua la kidole gumba liko wapi?” Mistari miwili ya piko ilikuwa imeungana ikawa doa. Msichana alikuwa amekaa saa nyingi akichorwa ua lile, nami nimelifuta kwa kusogeza kitufe kimoja. Tangu siku ile sisafishi mkono kwa kipimo cha ukuta. Hata hizi programu mpya zinazokisia undani, huwa nazilinganisha na picha ya asili, kwani zinaweza kuchora mstari ambao mchoraji hakuuchora.

Kama umebaki na JPEG pekee, ondoa chenga za rangi tu, kisha uzichape ndogo, inchi 5 kwa 7, maana picha ikipunguzwa chenga hujificha. Za mikono usizipeleke kuchapwa kabla hujazifungua kwa asilimia 100 ukazikagua ua kwa ua.