Maswali ya Wasomaji: GPA ya Dar na chuo cha sheria Marekani

SWALI: Nina Shahada ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA 3.8. Sasa naishi Columbus, Ohio, na ningependa kuanza JD (shahada ya sheria ya Marekani) Agosti mwakani. Wenzangu hapa wanasema 3.8 inatosha kuingia chuo chochote. Nianzie wapi?

JIBU: Wenzako wamechanganya vipimo. Dar wanahesabu GPA juu ya 5.0, Marekani juu ya 4.0. Yako ni daraja la pili la juu; nzuri, ila si ile wanayoifikiria wao. Usiibadili mwenyewe kwa vikokotoo vya mtandaoni ukaijaza kwenye fomu.

Nyaraka zako zitapitia LSAC, taasisi inayozikusanya na kuzipeleka vyuoni. Masomo yaliyofanyika nje ya Marekani na Kanada hayakokotolewi GPA huko. Wataalamu huisoma transkripti, kisha huandika tathmini ya maneno, mfano “juu ya wastani”. Kamati ya udahili ikikosa namba ya kushika, macho yanahamia kwenye alama za LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria. Weka nguvu huko.

Ila kabla ya kununua vitabu, shughulikia transkripti, maana ndiyo inayochelewesha watu. Fungua akaunti LSAC, toa fomu ya kuombea transkripti, na ofisi ya masomo Dar iitume yenyewe moja kwa moja. Ikipitia mikononi mwako ukaipiga skani na kuituma, itakataliwa hata kama ni halali kabisa. Angalia na majina: transkripti ina matatu, pasipoti imeyapanga vingine, au umeolewa ukabadili. Bahasha inafika, lakini hakuna anayejua ni ya nani. Jaza kwenye akaunti kila jina ulilowahi kutumia.

Anza kufuatilia Juni au Julai. Vyuo vingi hufungua maombi Septemba na kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Anayeomba Novemba hukuta viti vingi kuliko wa Februari, hata kama wote wako ndani ya muda. Barua mbili za mapendekezo zinatosha kwa vyuo vingi. Mhadhiri aliyesahihisha kazi zako anafaa kuliko mheshimiwa anayekujua kwa jina tu. Barua isiyo na saini hairuhusiwi.

SWALI: Nikifeli LSAT naruhusiwa kurudia?

JIBU: LSAT haina kufeli. Alama ni kuanzia 120 hadi 180, na kila chuo kina kiwango chake. Kuanzia Agosti 2024 mafumbo ya mantiki yaliondolewa. Zimebaki sehemu mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa ambayo hutaambiwa ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35. Kurudia unaruhusiwa: mwisho ni kuufanya mara 5 katika kipindi cha miaka mitano, mara 7 maishani. Vyuo vitaona alama zako zote za kipindi hicho, ingawa vingi hutazama ya juu zaidi.

Halafu kuna insha ya LSAT, inayofanywa kando na sehemu hizo, kwa kompyuta. Haina alama, watu huiahirisha, kisha wanashangaa matokeo hayatoki. Kwa anayefanya mara ya kwanza, LSAC haitoi alama mpaka insha iwe imepokelewa na kukubaliwa.