Pima shamba, toa vichuguu, ndipo utaje mkopo

Msimu wa kwanza niliposhika daftari la mikopo la kikundi chetu cha wakulima, huku Katanga, Kongo, njia ya Kasenga, sikupima kitu. Mtu akisema "hekta moja", naandika hekta moja. Kwa hekta tulihesabu kilo 25 za mbegu ya mahindi, mifuko 6 ya mbolea ya NPK na mifuko 4 ya mbolea ya urea, na deni likatoka hapo. Niliamini ni haki, maana hakuna aliyependelewa.

Mwezi wa tano nilimkuta mama mmoja wa kikundi akipukuchua mahindi mbele ya nyumba. Pembeni palikuwa na mfuko wa urea ambao haujafunguliwa, umeganda kama jiwe. Mingine miwili alikuwa amemwachia jirani kwa bei ya kutupa. Mbolea ilimzidi shamba, lakini deni lilibaki la hekta nzima, naye akalilipa lote. Kufika mwezi wa kumi alikuwa ananunua bunga kwa meka, kopo la kupimia, sokoni ili watoto wapate bukari, yaani ugali, kwa sababu mahindi yake yalikwisha kwenda kulipia mbolea ambayo hakuitumia. Kosa hilo lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nianze kupima.

Simu ya kawaida yenye GPS na programu ya kupima eneo inatosha. Unauzunguka mpaka kwa mguu, polepole, na kila pembe unasimama kidogo ili simu itulie. Mahali pa wazi simu hukosea kama mita 3 hadi 5, na chini ya miti hukosea zaidi, kwa hiyo zunguka mara mbili. Majibu mawili yakipishana sana, rudia. Mwenye shamba atembee mbele yako, si nyuma, kwani yeye ndiye anayejua mpaka wake na jirani uko wapi.

"Hekta" ya yule mama ilitoka ari 71, na hekta moja ni ari 100. Nilikuwa naandika namba hiyo aliponishika mkono: "Baba, na vichuguu umevihesabu? Nani analima juu ya kichuguu?"

Anayelima Katanga anajua anachosema. Vichuguu vyetu si vile vya kuruka kwa hatua moja. Ni vilima vyenye miti juu, na hekta moja inaweza kuwa na vitatu au vinne. Tulipima kimoja kwa kamba: mita 14 kutoka upande hadi upande. Hiyo ni kama ari moja na nusu isiyopandwa kitu. Yeye anavyo vinne, basi ondoa ari 6, zinabaki 65. Mkopo wake wa haki ulikuwa mifuko sita na nusu, mimi nilimpa 10. Jirani yake alikuwa ametaja nusu hekta, tukapima tukakuta ari 82. Kumbe ndiyo sababu urea ilimwishia katikati ya mistari na mahindi ya upande wa pili yakabaki ya njano.

Picha za setilaiti zinasaidia, ila ujue mipaka yake. Sentinel-2 za Ulaya zinapita kila siku 5 na picha zake ni za bure, lakini nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, yaani ari moja nzima. Shamba la ari 30 linabaki nukta chache tu, na zile za pembeni zimechanganyika na shamba la jirani. Tena mwezi wa kwanza, wakati ungependa kuona mahindi yamesimama vipi, mawingu yamefunika. Mimi nazitumia wakati wa kiangazi, kuona ni sehemu gani imefunguliwa kweli kwa kulima.

Kuna programu zinazopanga mkopo kwa kuangalia mtu anatumia simu yake kiasi gani na pesa ngapi zinapita humo. Kwa mkulima sizikubali. Mjane anayeshirikiana simu na mwanawe anaonekana hana kitu, na shamba lake linazaa kuliko la mwenye simu mbili.

Eneo linakuambia gharama. Halikuambii mtu ataweza kulipa nini. Hapo nauliza mavuno ya misimu mitatu, nachukua ule mbaya kuliko yote, na kuhesabu kwa bei ya mwezi wa tano mahindi yanapojaa sokoni, si kwa bei tamu ya mwezi wa pili. Deni likipita nusu ya hapo, tunapunguza eneo la kutiwa mbolea. Na mkopo uandikwe kwa fedha ambayo mkulima anauzia. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2,000; mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 2,600. Aliyeuza kwa franga na kudaiwa dola alilipa magunia ya ziada bila kukosea popote.

Jambo la mwisho, usitoe vyote siku moja. Mbegu na NPK tunatoa kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Urea inangoja wiki nne hadi sita, nikisha kurudi na simu ileile kuona kilichoota. Mvua ikikata na nusu ya shamba ikafa, mkulima anachukua urea ya nusu iliyobaki, na deni lake linaishia hapo. Inanigharimu mafuta ya pikipiki na siku mbili tatu za matope, nami nazitoa kwa moyo.

Yule mama bado yuko na sisi. Kiangazi hiki amebomoa kichuguu kimoja na kutawanya udongo wake shambani. Ameniita nikapime tena.