Kompyuta inajizima? Usinunue kitu kwanza

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Mashine niliyoiunga mwenyewe inajizima kila nikianza kurenda. Fundi kasema RAM imekufa. Ninunue mpya?" (Kurenda ni kompyuta kuigeuza video uliyohariri kuwa faili moja, kazi nzito; RAM ni kumbukumbu yake ya muda.)

Nilicheka, halafu nikanuna. Kidonda changu hakijapona.

Mimi nahariri video za harusi hapa Dar. Mashine yangu niliiunga kipande kipande: prosesa mpya ya Ryzen 5 3600, kadi ya picha ya mtumba, na pawa saplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) niliyopewa pamoja na kasha, imeandikwa wati 500. Nilijiona mjanja kweli kwa kupata cha bure. Miezi mitano raha tupu. Usiku mmoja narenda sendofu ya mteja, imefika asilimia 83, paa! Giza. Nikajua umeme umekatika, nikatazama juu: taa ya dari inawaka.

Fundi niliyemwita akafungua orodha ya matukio ya Windows, akakuta kosa liitwalo Kernel-Power 41, akasema Windows imeharibika. Akapiga Windows upya. Ikajizima. Akasema basi ni mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu. Nikatoa laki mbili na themanini, tukafunga mazabodi mpya, ikajizima jioni ileile. Sendofu nilichelewesha wiki tatu, na mama wa bibi harusi akaniita mbabaishaji mbele ya watu. Neno hilo bado linaniuma kuliko ile hela.

Sasa sikia. Hiyo 41 haitaji ugonjwa. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, sawa na kuambiwa fulani amefariki. Amefariki kwa nini? Hapo ndipo kazi inapoanza, na fundi wangu ndipo alipoishia.

Jumapili moja nikajifungia. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, ikakimbia usiku kucha: makosa sifuri. (Likitokea hata moja, zima XMP, ile inayoongeza kasi ya RAM, kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) urudie, kisha pima kijiti cha RAM kimoja kimoja.) Joto la prosesa, nyuzi 72, halina shida. Nikachukua mita ya kupimia umeme ya elfu kumi na tano, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya Molex (ile ya waya nne itokayo kwenye pawa saplai) iliyokuwa haitumiki, nyekundu kwenye waya wa njano. Mashine imetulia: volti 12.0. Nikaanza kurenda: 11.6. 11.3. Giza.

Waya wa njano unatakiwa usishuke chini ya volti 11.4. Nikamulika tochi ya simu kupitia matundu ya feni ya pawa saplai: kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. Niliishia kumulika tu, na wewe usiifungue, maana hukaa na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Nikaazima pawa saplai ya rafiki anayecheza gemu, nikarenda kwa muda wa saa nne mfululizo. Mimi, ambaye sijakanyaga VETA hata siku moja, nilikuwa nimempiku fundi.

Vijana tuna pepo la kununua kabla ya kupima. Badilisha kitu kimoja, jaribu, rudisha. Kimoja! Ukibadilisha RAM na pawa saplai siku moja, mashine ikipona hutajua nani alikuwa mwizi. Na azima kabla hujanunua. RAM mbovu mara nyingi huleta skrini ya bluu, leo ujumbe huu, kesho ule, na mafaili yanaharibika. Giza la ghafla ukiwa kwenye kazi nzito, anza na umeme. Nasema tena: kimoja kimoja.

Kwa hiyo nikamjibu yule kijana: "Marahaba. Inaleta skrini ya bluu au inazima moja kwa moja?"

"Inazima tu, giza."

"Pawa saplai ulinunua wapi?"

Akakaa kimya kama dakika kumi hivi.

"Ilikuja na kasha, kaka."