Nilishinda pingamizi, nikakaribia kupoteza deni

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kahama aliniandikia: "Kaka, nilimkopesha mtu, nikamshtaki. Sasa wakili wake anasema deni si la mteja wake, ni la kampuni, na kampuni sikuishtaki. Nifute kesi nianze upya?" Niliusoma ujumbe ule nikiwa nafunga duka. Nikarudi kukaa juu ya mifuko ya saruji na taa nimekwisha kuzima. Swali lile lile liliwahi kunikosesha usingizi miaka miwili.

Wanaonifuata hapa mnajua nauza vifaa vya ujenzi Morogoro. Ambalo sijawahi kulieleza vizuri ni la rafiki yangu mkandarasi. Simtaji jina. Alikuwa mshenga wangu, ndiye aliyeenda kwa wakwe zangu na barua na kurudi na majibu. Kwa hiyo aliponijia Aprili 2017 akitaka shilingi milioni 22 za kumalizia kazi, atanirudishia kabla ya Desemba 31 mwaka huo, sikuhitaji kushawishiwa. Alileta mkataba ameshauchapa. Nikasaini juu ya kaunta huku nikimhudumia mteja wa misumari. Mwaka uliofuata alirudi, mara hii akitaka milioni 16 hadi Juni 2019. La kwanza alikuwa hajalipa. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba biashara ya wanaume haielewi. Nimeshamwomba radhi kwa maneno hayo, na nitaendelea kumwomba.

Jambo moja tu la maana nilifanya kwenye mkopo wa pili. Nilimwambia aandike chini kwa mkono wake. Akaandika: "Kampuni isipolipa, nitalipa mwenyewe," akaweka sahihi na dole gumba. Alicheka wakati anaandika. Hilo neno "kampuni" nililisikia kwa masikio yangu na halikuniambia kitu.

Miaka ikapita na ahadi zake. Serikali haijalipa, mradi umesimama, mama anaumwa. Mama alikuwa anaumwa kweli, nilikwenda kumwona. Oktoba 2021 nikafungua kesi mahakama ya wilaya, kwa kuwa milioni 38 ilikuwa imevuka kiwango cha mahakama ya mwanzo kwa madai ya aina hiyo, ambacho ni milioni 30. Hati ya madai ilikuwa na mdaiwa mmoja: yeye, jina lake kamili la kwenye cheti cha ubatizo. Nilitaka aisome samansi aone ni mimi.

Majibu yake yalikuja na pingamizi la awali: nimemshtaki mtu asiyehusika. Mikopo yote miwili, walisema, ilichukuliwa na kampuni yake. Yeye alisaini kama mkurugenzi tu, na kampuni ni mtu mwingine kisheria. Nilipandwa na hasira mpaka mikono ikatetemeka. Mimi sikukopesha karatasi, nilimkopesha mtu niliyekula naye!

Wakili wangu alikuwa kijana mwepesi wa hoja. Akasema pingamizi hilo tutaliangusha kwa Mukisa Biscuit. Nilidhani anataka chai. Kumbe ni kesi ya mwaka 1969 ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ambayo mawakili wa nchi zetu hizi hawalali bila kuitaja: pingamizi la awali lazima liwe hoja tupu ya sheria, likihitaji ushahidi limekufa. Na swali la nani hasa alikopa linahitaji ushahidi. Machi 2022 hakimu akakubaliana nasi, pingamizi likatupwa. Tulitoka mahakamani nikamnunulia wakili mishikaki, nikapiga simu nusu ya Morogoro. Nilikuwa na fahari ya jogoo.

Ule ushindi ndio ulionipoteza. Hakimu hakusema nimemshtaki mtu sahihi, alisema tu kwamba hilo litaamuliwa baada ya ushahidi. Mimi nikasikia nimeshinda. Adui yangu alikuwa ameniandikia kwa maandishi, bila malipo, jina la mtu niliyemwacha nje, nami nikalitumia lile karatasi kusherehekea.

Usuluhishi ulishindikana. Sitausimulia, tulikaa chumba kimoja tukitazama dari.

Februari 2023 nikapanda kizimbani kutoa ushahidi. Kwa wakili wangu niliongea vizuri. Kisha yakaja maswali ya dodoso. Wakili wa upande wa pili, mama mmoja mpole sana, akanipa mkataba wangu mwenyewe. "Soma jina la mkopaji." Nikasoma jina la kampuni. "Muhuri ni wa nani?" Wa kampuni. Akanipa taarifa ya benki niliyoileta mimi kama kielelezo. "Milioni 22 ulizituma akaunti ya nani?" Ya kampuni. Akasema, "Ahsante baba, sina swali lingine," akakaa. Dakika nne. Nilishuka kizimbani nikiwa nimeelewa kwamba kwenye zile milioni 22 hakukuwa na mahali popote palipoandikwa jina la rafiki yangu kama mkopaji.

Ndipo nikamtafuta wakili mtu mzima. Alisoma jalada usiku mmoja. Swali lake la kwanza halikuhusu haki wala urafiki wala mshenga. Aliuliza: "Mkopo wa kwanza uliiva lini?" Desemba 31, 2017. Akahesabu kwa vidole. Madai ya mkataba yana ukomo (muda wa mwisho wa kushtaki) wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Yaani mwisho wa 2023. Tulikuwa Machi. Alihesabu kana kwamba kwa kampuni kesi inaanza siku itakapounganishwa, akasema hataki kuibahatisha tarehe ile kwa kutegemea kwamba kesi ya 2021 itambeba mdaiwa mpya mgongoni.

Dada wa Kahama, jibu lako lipo hapa. Nami niliuliza kama wewe: tufute tuanze upya? Akanieleza kuwa shauri linaweza kuondolewa kwa ruhusa ya kulifungua tena, iko Amri ya 23 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Lakini ukilifungua tena, siku za ukomo zinahesabiwa kana kwamba ile kesi ya kwanza haikuwahi kuwepo. Ukiwa na miaka minne mkononi, huenda ikakufaa. Ukiwa na miezi tisa na mahakama yenye foleni, unacheza na moto penye petroli.

Njia nyingine ni Amri ya 1, Kanuni ya 10(2) ya sheria hiyo hiyo. Mahakama inaweza, katika hatua yoyote ya shauri, kwa kuombwa au hata yenyewe, kuagiza aongezwe mtu aliyepaswa kuwemo, au ambaye bila yeye mgogoro hauwezi kuamuliwa ukaisha. Na Kanuni ya 9 inasema kesi haifi kwa sababu tu kuna mtu ameachwa. Nilishusha pumzi niliposikia hilo. Yule mzee akanirudisha chini: haifi, sawa, lakini mahakama haitatoa amri ya kumlipisha mtu ambaye hayumo. Utapata hukumu ya kuning'iniza ukutani.

Akanipa vipimo viwili ambavyo Mahakama ya Rufani iliviweka katika shauri la Abdullatif Mohamed Hamis dhidi ya Mehboob Yusuf Osman, vya kumtambua mtu wa lazima katika kesi. Nivitafsiri kwa lugha ya dukani. Je, kuna kitu unamdai huyu mtu katika jambo hili hili? Na je, akikosekana, mahakama itashindwa kutoa tuzo (amri ya mwisho ya kesi) inayotekelezeka? Kampuni ilikuwa na majibu ya ndiyo kwa yote mawili. Mdhamini wa kawaida si lazima awe hivyo. Anayedai ana hiari ya kumshtaki mkopaji, mdhamini au wote, kwa hiyo msinisome vibaya mkaanza kuburuta kila aliyeshuhudia sahihi.

Tuliwasilisha maombi yenye kiapo changu. Na hapa ndipo roho yangu bado inauma. Wale wale walioandika kwamba mdaiwa halisi ni kampuni, walipinga kampuni isiunganishwe! Tumechelewa, walisema, ushahidi umeshaanza, wataumia. Rafiki yangu alikaa benchi la mbele akiangalia simu. Nilimwangalia kisogo nikamkumbuka siku aliyorudi kwa wakwe zangu akiimba.

Hakimu alikubali maombi Agosti 2023, akaniamuru nilipe gharama za siku ile. Hapo msidhani mambo yanaendelea yalipoishia. Lazima hati ya madai irekebishwe, mdaiwa mpya aelezwe amefanya nini (si jina lake tu kuongezwa juu), apelekewe samansi yake na apate muda wake wa kujibu. Nilirudi kizimbani upya, nikaulizwa upya akaunti ni ya nani. Safari hii nilijibu kwa sauti.

Yule wakili wangu kijana wa kwanza alikuwa ameshauri tumtoe rafiki na kuiweka kampuni mahali pake. Nashukuru sikumsikiliza. Kumwongeza mtu si kumbadilisha. Ile sentensi ya mkono ilikuwa bado inaishi kwenye mkopo wa pili, na hata bila hiyo, Kanuni ya 7 ya Amri ile ile inamruhusu mdai mwenye shaka kuhusu nani hasa wa kumlipa awashtaki wote ili mahakama iamue. Yaani ningeweza kuwaweka wote wawili Oktoba 2021, siku ya kwanza, kwa karatasi ile ile. Kilichonizuia ni hasira. Nilitaka kumshtaki mtu, sikutaka kudai fedha.

Ndugu zangu, tunakopeshana kwa sura. Tunamjua baba yake, tunamjua mtoto wake wa kipaimara, kisha tunasaini mbele ya muhuri tusioutazama. Soma mstari wa mkopaji. Angalia akaunti unayotumia. Kabla ya kwenda mahakamani ingia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utafute kampuni hiyo ipo au imefutwa, na wakurugenzi ni nani. Ikiwa imeingia kwenye ufilisi chini ya mahakama utahitaji kibali kwanza. Na ukiletewa majibu ya madai, usiyasome kama matusi. Yasome mara mbili, halafu mpe mtu asiyekuwa na hasira ayasome mara ya tatu. Narudia: mtu asiyekuwa na hasira.

Hukumu ilitoka Novemba 2024. Kampuni ilipe milioni 38 na riba, na rafiki yangu yeye binafsi awajibike kwa zile 16 kwa sababu ya mwandiko wake mwenyewe. Milioni 22 zingekuwa zimeondoka kama ningebaki na ushindi wangu wa Mukisa. Tulipokazia hukumu, dalali wa mahakama alikuta pikapu moja ya kampuni, ikauzwa kwa milioni 9. Yeye mwenyewe amelipa mara tatu, laki tano tano. Nyingine nazisubiri.

Mwezi uliopita alikuja dukani, mara ya kwanza tangu 2021. Tukasalimiana, akaulizia watoto. Kisha akasema anahitaji mifuko 40 ya saruji, atalipa mwisho wa mwezi, na risiti iandikwe jina la kampuni mpya. Nikamwambia alete TIN ya hiyo kampuni na kitambulisho chake, vyote viwili. Akasema anavifuata kwenye gari. Hajarudi.