Mnaopima vinundu vya mapafu kwenye picha za CT, njooni hapa kidogo

Nimepitia ripoti za marezidenti wapya (madaktari wanaosomea radiolojia), na lile neno "hakijabadilika" limerudi tena kwa fujo. Tunawapenda, ila mnatuzeesha.

1. Pimeni kwenye dirisha la mapafu (mpangilio wa mwanga wa kuonyesha mapafu), kwa vipande vya picha vyenye unene wa milimita 1. Ukipima kwenye vya milimita 5, kinundu cha milimita 6 unakikuta kimefifia, kingo hazieleweki, na unaanza kubahatisha.

2. Kipenyo kirefu na kifupi kwenye picha ileile, kisha wastani. Desimali iacheni ilivyo. Kinundu kigumu cha milimita 5.8 kwenye kipimo cha kwanza ni daraja la 2 la Lung-RADS, mwongozo wa kupanga vinundu kwenye uchunguzi wa saratani ya mapafu; mtu arudi baada ya mwaka. Ukikikuza kuwa 6 umempeleka daraja la 3, na miezi sita ya kukosa usingizi.

3. Fungueni picha ya kwanza kabisa, si iliyotangulia tu. Hili limenigharimu. Nilikuwa na kinundu kigumu cha 6.2. Baada ya miezi sita, 7.0. Lung-RADS inataka ongezeko la zaidi ya milimita 1.5 ndani ya miezi 12 ndipo uite ukuaji, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wenzangu kwa kuita 0.8 "ukuaji". Nikaandika hakijabadilika. Mwaka uliofuata, 7.9. Nikailinganisha na ile 7.0, nikaona 0.9 tu, nikaandika neno lilelile, nikasaini, nikaenda kunywa chai. Haba na haba, na mimi napima haba!

Mwenzangu aliyekuwa akikagua ripoti zetu aliweka picha ya kwanza na ya tatu sambamba, akaniita, akanyamaza. Chukueni kikokotoo: kutoka 6.2 hadi 7.9 ujazo umezidi maradufu. Toleo la 2022 la Lung-RADS linaruhusu kabisa kinundu kinachokua polepole hivyo kiwekwe daraja la 4B, la vinundu vinavyoshukiwa sana kuwa saratani, hata kama hakijavuka 1.5 katika mwaka wowote. Nilikuwa nimelisoma. Ilikuwa saratani, ikakatwa ikiwa bado ndogo, na sifa hiyo si yangu.

4. Picha ya zamani ipimeni upya kwa mkono wenu. Kunakili namba ya ripoti si kulinganisha.

5. Andikeni namba ya kipande. Juzi nimeachiwa "kinundu, pafu la kulia". Pafu hilo lina vinundu vinane.