Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Hujuaje Umechomeka Nini?

Barua zilizofika safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: namna kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa, inavyogundua kifaa na kukiandaa kwa kazi. Nimezipanga kwa kufuata hoja zinavyozaana, si kwa tarehe zilizoandikwa.

Swali: Ndugu mtaalamu, pokea salamu. Nikichomeka kipanya chochote, hata cha kampuni nisiyoijua, hufanya kazi papo hapo. Lakini nikichomeka adapta ya Wi-Fi ya USB niliyopewa na rafiki, kompyuta yangu yenye Linux hukaa kimya kana kwamba sikuchomeka kitu. Je, kerneli ina orodha ya vifaa vyote vya duniani? Kama inayo, mbona adapta yangu haimo?

Jibu: Salamu zimefika. Orodha ipo, ila si ya namna unayoidhania, na huenda hata hicho kipanya chako hakimo ndani yake.

Kerneli haina macho ya kuona umbo la kifaa wala jina lililochapwa mgongoni mwake. Kazi yake ni kuuliza, na kifaa hujibu kwa nambari. Katika USB ya kizazi cha 1 na cha 2 nyaya za data ni mbili, na kila kifaa kina rezista ya omu 1,500 iliyounganishwa na mmojawapo. Kifaa kikiingia tunduni, rezista hiyo huinua volti ya waya wake. Habu inayosimamia matundu huliona badiliko hilo na kerneli hupata habari. Hadi hapo kinachojulikana ni kwamba kuna kitu, basi. Kerneli husubiri kama milisekunde 100 ili mguso wa vyuma utulie, kisha huiamuru habu ikirudishe kifaa katika hali yake ya mwanzo. Kuanzia hapo kifaa huitikia kwa anwani 0, ambayo ni ya wageni wote, na ndiyo sababu wageni hushughulikiwa mmoja mmoja. Hupewa anwani yake yenyewe, kati ya 1 na 127, kisha hutakiwa kutoa maelezo yake rasmi ya baiti 18, yenye nambari ya mtengenezaji, nambari ya bidhaa na aina ya kifaa. Baada ya hayo hueleza mahitaji yake mengine, ukiwemo umeme: katika USB 2.0, kifaa ambacho hakijakubaliwa hakiruhusiwi kuvuta zaidi ya miliampea 100, na kikishakubaliwa kinaweza kuruhusiwa hadi 500.

Sasa ndipo swali lako linapopata jibu. Kila draiva, yaani programu inayojua kuendesha kifaa fulani, huja na jedwali dogo la nambari inazodai kuzihudumia. Katika Linux majedwali hayo yote hukusanywa katika faili moja liitwalo modules.alias, kerneli hutangaza nambari za mgeni, programu iitwayo udev huupokea mwito huo, na draiva ambayo jedwali lake linalingana hupakiwa kwenye kumbukumbu. Hakuna mahali vifaa vyote vimeorodheshwa. Kuna draiva nyingi tu, kila moja ikingoja kusikia nambari yake.

Kipanya hakimtegemei mtengenezaji wake hata kidogo, kwa kuwa hujitangaza kuwa cha aina ya 3, aina ya vifaa vinavyotumiwa kwa mkono, na kuna draiva ya jumla inayohudumia kila kilichomo katika aina hiyo. Kipanya kilichoundwa miaka kumi baada ya kerneli yako kuandikwa bado kitafanya kazi. Adapta nyingi za Wi-Fi hazina bahati hiyo, kwa sababu kila chipu huzungumziwa kwa namna yake, na draiva yake lazima itaje nambari ya mtengenezaji na ya bidhaa moja kwa moja. Ubaya zaidi ni kwamba watengenezaji hubadilisha chipu na kuacha jina lilelile kwenye boksi, hata watu wawili wenye adapta za jina moja wakawa na vifaa tofauti kabisa.

Andika amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, kisha dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, uone adapta imekwama wapi. Ikiwa haimo kabisa katika majibu ya lsusb, tatizo ni la umeme, waya au tundu, na hakuna draiva itakayokusaidia. Ikiwa imo lakini dmesg haitaji draiva yoyote, nambari yake haijadaiwa na mtu. Huenda kerneli mpya zaidi ikawa imeiongeza. Ikiwa draiva imeipokea kisha ikalalamika kwamba imekosa faili fulani, kinachokosekana ni fimwea, yaani programu ambayo chipu yenyewe huhitaji kupewa kila inapowashwa, na ambayo kwa kawaida hukaa katika saraka ya /lib/firmware. Ipo pia hali ya nne inayonichekesha kila niionapo: baadhi ya adapta hujitambulisha kwanza kuwa diski ya CD, yenye draiva za Windows ndani yake, na hazijigeuzi kuwa kifaa cha mtandao mpaka ziamriwe. Programu ya usb_modeswitch iliandikwa kwa ajili ya vifaa vya namna hiyo. Ukiona CD usiyoichomeka, umempata mhusika.

Swali: Hayo ni ya vifaa vya kuchomeka. Kadi ya picha, kadi ya mtandao na vinginevyo vilivyomo ndani ya kompyuta navyo huinua volti vikapiga hodi? Na nani huamua kila kimoja kikae kwenye anwani gani ya kumbukumbu?

Jibu: Hapana, wakati wa kuwasha kompyuta hali ni kinyume: kerneli ndiyo inayopita mlango kwa mlango. Vifaa hivi viko kwenye njia ya PCI (njia hapa ni nyaya za pamoja zinazobeba data kati ya vifaa na prosesa), iliyoletwa na Intel mwaka 1992, au kwenye mrithi wake, PCI Express. Mpango wake wa anwani huruhusu njia 256, kila njia vifaa 32, na kila kifaa kazi nane. Kerneli husoma biti 16 za kwanza za kila mahali ambapo kifaa kinaweza kuwepo, panapokaa nambari ya mtengenezaji. Pasipo na kitu, jibu hurudi likiwa na biti zote 1, nambari ambayo hakuna mtengenezaji aliyepewa. Palipo na kifaa cha Intel, kwa mfano, hurudi 8086 katika hesabu ya msingi wa 16, na wanaoikumbuka prosesa ya 8086 ya mwaka 1978 wataelewa utani huo. Kerneli ikikuta daraja, yaani kiungo cha kwenda njia nyingine, badala ya kifaa cha kawaida, huipa namba njia iliyo ng'ambo yake, huvuka, na kuanza kubisha hodi upya huko.

Suala la anwani ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa werevu wake. Kila kifaa kina rejista, yaani vihifadhi vidogo vya nambari, zisizozidi sita za kuandikia mahali pake katika kumbukumbu. Lakini kerneli itajuaje kifaa kinahitaji nafasi kubwa kiasi gani, ilhali hakuna rejista inayotaja ukubwa? Huandika biti 1 katika nafasi zote za rejista, kisha huisoma. Kifaa kimetengenezwa kwa namna ambayo biti za chini, zile zinazoangukia ndani ya eneo lake chenyewe, haziandikiki. Hubaki 0 hata zikiandikwaje. Basi ikiwa kerneli imeandika FFFFFFFF, yaani biti 32 zote zikiwa 1 katika msingi wa 16, na, baada ya kuziweka kando biti nne za mwisho ambazo ni alama tu, ikasoma FFF00000, biti 20 za chini zimekataa kubadilika, na biti 20 ni sawa na baiti 1,048,576. Kifaa kimetaja haja yake kwa kukataa kuandikwa. Wakati wa kipimo hicho kerneli hukizima kifaa kwa muda kisiitikie anwani, maana rejista inakuwa na anwani ya uongo kabisa na ingeweza kugongana na nafasi ya mwingine.

Katika kompyuta za kawaida, BIOS au UEFI, yaani programu ya ubao mama inayotangulia kuwaka, huwa imeshagawa anwani kabla kerneli haijaamka, nayo kerneli huukagua mgawo huo na kuurekebisha palipo na kasoro. Kisha draiva huitwa, hukiwasha kifaa, husema ni sehemu gani ya kumbukumbu kifaa kinaweza kuifikia chenyewe bila kupitia prosesa, na huomba katizo, yaani njia ya kifaa kuisimamisha prosesa kidogo na kuiambia kwamba kazi imekwisha.

Swali: Mimi ni fundi wa siku nyingi. Vijana wangu hawaamini nikiwaambia kwamba zamani tulikuwa tukihamisha vipini vidogo kwenye kadi ili kompyuta iitambue. Naomba unisaidie kuwaeleza.

Jibu: Waambie mzee wao hadanganyi. Kadi za njia ya ISA, iliyotangulia PCI, hazikuwa na mahali pa kuulizwa. Mwenye kompyuta ndiye aliyechagua anwani na nambari ya katizo kwa vipini hivyo, kisha akaiambia draiva. Katizo zilikuwa 16, moja ikitumika kuunganisha vidhibiti viwili, hivyo zikabaki 15 za kugombaniwa. Poti za COM1 na COM3 zilitumia katizo la 4 kwa pamoja, na kipanya kwenye poti moja na modemu kwenye nyingine vilitosha kuigandisha mashine. Draiva iliyojaribu kujitafutia kadi kwa kuandika kwenye anwani za kubahatisha ingeweza kuandika kwenye kadi ya mwingine. Windows 95 ilipoahidi kwamba utachomeka na kutumia, wenye mzaha walisema utachomeka na kuomba dua.

Swali: Kwa nini diski moja ya kusakinishia Linux huwaka kwenye karibu kila kompyuta ya mezani, lakini mfumo wa simu moja hauwaki kwenye simu nyingine hata kama prosesa zinafanana?

Jibu: Kwa sababu simu imejaa vifaa visivyojua kujitambulisha. Kioo cha mguso, kipima mwanga na kidhibiti cha betri mara nyingi huwa kwenye njia iitwayo I2C, ambamo kifaa kina anwani ya biti saba na hakuna namna ya jumla ya kukiuliza wewe ni nani. Vifaa viwili vya kampuni tofauti vinaweza kutumia anwani moja. Hapo lazima kerneli iambiwe na mtu mwingine.

Kwenye kompyuta za kawaida mwambiaji ni ACPI, iliyotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ni majedwali yaliyomo ndani ya ubao mama, na ndani ya majedwali hayo mna vijiprogramu ambavyo kerneli huvitafsiri na kuviendesha. Kwa kuwa watengenezaji wengi huvijaribu kwa Windows peke yake, Linux nayo ikiulizwa na vijiprogramu hivyo kama yenyewe ni Windows, hujibu ndiyo. Si uungwana, lakini mashine huwaka.

Kwenye simu na bodi nyingi zenye prosesa za aina ya ARM, mwambiaji ni mti wa vifaa, ambao ni faili linaloieleza kerneli kwamba kwenye njia fulani, anwani fulani, kuna kioo cha aina fulani kinachotegemea chanzo fulani cha umeme. Muundo huo ulitoka kwenye Open Firmware, programu ya kuwashia mashine iliyotumika katika kompyuta za kampuni ya Sun na zile zenye prosesa za PowerPC. Zamani maelezo ya kila bodi ya ARM yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, yakarundikana hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani mwaka 2011. Baada ya hapo mti ukawa ndiyo njia ya kawaida. Kerneli ya simu yako ikipewa mti wa simu nyingine, itatafuta kioo mahali kisipokuwepo. Hata mti ukiwa sahihi, mpangilio wa draiva kuamka hautabiriki: draiva ya kioo ikiamka kabla ya ile ya chanzo cha umeme, huomba kuahirishwa, na kerneli huirudia baadaye.

Swali: Ikiwa kerneli huamini nambari inayoambiwa, je, kifaa hakiwezi kudanganya?

Jibu: Kinaweza, na mwaka 2014 watafiti walionyesha hadharani, katika mkutano wa usalama wa kompyuta uitwao Black Hat, flashi ambayo fimwea yake ilibadilishwa ikajitangaza kuwa kibodi na kuanza kuchapa amri. Walikiita kitendo hicho BadUSB. Kerneli haina kosa kwa maana ya kiufundi: iliuliza, ikajibiwa, ikapakia draiva sahihi ya kibodi. Katika Linux msimamizi anaweza kuiagiza kerneli isikikubali kifaa chochote kipya cha USB mpaka kiidhinishwe, na programu ya USBGuard hurahisisha kazi hiyo. Kwa kompyuta inayoachwa mahali pa watu wengi, naona usumbufu huo unastahili kuvumiliwa.

Swali: Kwa nini Windows husema inasakinisha kifaa upya nikikihamisha kutoka tundu moja hadi jingine?

Jibu: Tazama kama kifaa hicho kina namba yake ya pekee. Chenye namba hiyo hutambuliwa popote kilipo. Kisicho nayo hupewa utambulisho unaotokana na tundu kilimoingia, kwa sababu vikichomekwa viwili vinavyofanana Windows isingeweza kuvitofautisha kwa namna nyingine. Ukikihamisha, kinahesabiwa kuwa kifaa kingine, na mipangilio uliyokiwekea hubaki kwenye tundu la zamani ikikingoja.