Waini nyekundu iwekwe friji au isiwekwe? Maswali yenu kuhusu ubaridi wa waini

Safari hii karibu kila mtu kauliza kitu kimoja, ubaridi, na nimefurahi sana maana hapa ndo waini nzuri nyingi zinaharibiwa bure.

Naambiwa waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, friji ni mwiko. Mbona yangu inachoma koo?

Dada, ulimi wako uko sahihi kabisa. Hilo la joto la chumba limetoka enzi zile nyumba za Ulaya hazina hita za nyumba nzima, chumba chenyewe kilikuwa nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Sasa kama chumba chako kina 26 hiyo waini ni ya moto, pombe ndo inakuwa ya kwanza kukupiga puani na ladha ya matunda huisikii tena. Kwahiyo iweke friji bila woga, nusu saa kama hakuna joto sana, kukiwa na joto kali hata saa nzima, hapo nyekundu nzito kama Cabernet Sauvignon au Shiraz inatulia vizuri. Zile nyekundu nyepesi kama Pinot Noir au Beaujolais zinataka baridi zaidi, 12 mpaka 14, na ukishaijaribu hivyo hutorudi nyuma.

Ila usiilaze humo usiku kucha ukaimimina hivyohivyo, nyekundu nzito ikipoa sana tanini, yani ule ukakasi unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, zinakaza mdomo kama umetafuna ndizi mbichi.

Nyeupe je, si kadri inavyokuwa baridi ndo tamu?

Hapana mkuu. Friji ya kawaida iko kama nyuzi 4, na kwenye baridi hiyo harufu ya waini inalala, unakunywa kitu baridi basi. Nyeupe nyepesi kama Sauvignon Blanc 7 mpaka 10 inatosha, Chardonnay iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni ipe 10 mpaka 13, yani itoe friji robo saa au dakika 20 kabla ya kumimina. Roze, yani ile waini ya pinki, iko hapo katikati. Mi naona baridi kali ibaki kwa ile chupa ambayo ladha yake hujaipenda, maana baridi inaficha kasoro pia.

Wageni wanafika baada ya nusu saa na shampeni bado ya moto, niitupie friza?

Usiitupie jamani! Watu wanaisahau humo, maji yaliyomo kwenye waini yakiganda yanatanuka, chupa inapasuka au kizibo kinasukumwa nje. Chukua ndoo, jaza barafu NA maji nusu kwa nusu, tia na chumvi konzi moja au mbili, zamisha chupa mpaka shingoni, dakika 20 tu kazi imeisha. Barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu, maji ndo yanaikumbatia pande zote, alafu chumvi inafanya maji yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Unatafuta nyuzi 6 mpaka 10. Na sio ladha tu, ndani ya chupa ile kuna presha kama mara 5 mpaka 6 ya presha ya hewa inayotuzunguka, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo, na ikiwa na joto inapanda zaidi, kizibo kinaweza kumtoa mtu jicho. Kishike kizibo kwa nguvu, kielekeze pasipo na mtu, alafu zungusha chupa taratibu.

Kuweka barafu kwenye glasi ni vibaya?

Glasi ni yako, weka. Ila itayeyuka na waini itakuwa maji, bora ugandishe zabibu uzitumbukize.

Sina kipimajoto, ntajuaje?

Onja. Ikikuchoma puani irudishe friji dakika 10, ikiwa haina harufu kabisa ikumbatie glasi kwa viganja viwili kidogo, utaisikia inafunguka. Ikiwa sawa shika glasi kwenye mguu wake tu, na mimina kidogokidogo, chupa ibaki kwenye baridi.